Watungaji wa Hadithi na Mipango Yao

Leo twataka kueleza kazi ambayo wengi hupenda matunda yake, walakini wachache wameuona mti wenyewe: nayo ni kazi ya kutunga hadithi na kuiandika.

Watu wengi hudhani ya kuwa mtungaji wa hadithi ni mtu aliyezaliwa na kipawa, na ya kuwa akishika kalamu hadithi humtoka yote pamoja kama maji ya chemchemi. Kwa kudhani hivyo, mwanafunzi akijaribu kuandika hadithi, akakwama katika ukurasa wa tatu, huona kwamba yeye hakujaliwa. Huitupa karatasi wala hajaribu tena. Hasara hiyo si yake peke yake. Huenda babu yake ana hadithi nyingi kichwani ambazo hazijaandikwa na mtu, na mtoto yule ndiye aliyekuwa njia ya kuzitoa kinywani na kuzitia kitabuni. Kwa hiyo ni vema tujue waandishi mashuhuri walivyofanya kazi yao. Tukizitazama karatasi walizoziacha, na habari walizozieleza wenyewe, twaona ya kuwa nao walikwama, wakafuta, wakaanza tena.

Kwanza na tuitenge hadithi ya kusimuliwa na hadithi ya kuandikwa. Bibi anapowasimulia wajukuu wake jioni hana karatasi, lakini mpango anao. Ajua tangu mwanzo mahali fisi atakapoaibika, na wimbo utakaoimbwa mara tatu kabla ya hapo. Tena aziona nyuso za wasikilizaji. Watoto wakisinzia, hupaza sauti. Wakiogopa mno, huilegeza. Na akisahau jambo husema, "Nalisahau kuwaambia," wala hakuna amlaumuye. Mwandishi hana msaada huo. Msomaji wake yuko mbali, hamwoni akipiga miayo wala akikunja uso. Na neno likiisha pigwa chapa na kuuzwa, maji yamemwagika, hayazoleki. Ndiyo sababu imempasa mwandishi kuyatengeneza mapema yale ambayo bibi huyatengeneza papo hapo.

Tuanze na Mwingereza mmoja, jina lake William Godwin. Katika mwaka 1794 alitoa kitabu cha juzuu tatu kiitwacho Caleb Williams. Ni habari ya kijana mtumishi aliyegundua ya kuwa bwana wake, mtu wa heshima kubwa, amewahi kuua mtu. Na tangu siku ile bwana akamwandama kijana kila alikokwenda, ili amwangamize. Katika mwaka 1832 Godwin alieleza jinsi alivyoitunga hadithi hiyo. Alianza na juzuu ya tatu! Jambo la kwanza alilolifikiri lilikuwa kukimbia na kufukuzwa: mtu mmoja atoroka, na mwingine amfuata asimpe nafasi ya kupumua. Ndipo akajiuliza, ni siri gani iwezayo kumfanya mtu amwandame mwenziwe kwa ukali namna hii? Jibu lake likawa juzuu ya pili, yaani mauaji yaliyofichwa, na mtumishi apendaye kudadisi. Kisha akajiuliza, bwana huyu alikuwa mtu wa namna gani hata akaingia katika uovu huo? Jibu likawa juzuu ya kwanza. Kwa muda wa majuma mawili matatu aliandika maneno mafupi ya kumkumbusha mambo hayo, akirudi nyuma hatua kwa hatua. Baadaye ndipo alipogeuka, akaiandika hadithi kwa taratibu tangu mwanzo wake. Hata hivyo hakupata sawa mara moja. Alianza kwa kusema "yeye," kama mtu asimuliaye habari za mwingine, hakuridhika, akaanza upya, akamwacha Caleb mwenyewe aseme "mimi."

Faida ya njia hii ni wazi katika hadithi za kupeleleza mauaji. Anayeiandika lazima ajue mwuaji ni nani kabla hajamwambia msomaji lolote, apate kuziacha nyayo njiani, moja hapa na moja pale. Hadithi za namna hii zilifika hata kwetu. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alimtunga Bwana Msa, mtu wa kupeleleza mambo kwa akili, katika Mzimu wa Watu wa Kale. Hadithi hiyo ilishinda katika mashindano ya kuandika ya mwaka 1957–58, ikapigwa chapa mwaka 1960. Msomaji akifika mwisho wa hadithi ya namna hiyo na kurudi kusoma mwanzo, hukuta mengi aliyopita juu yake bila kuyaona. Nyayo hizo hazikuangushwa kwa bahati.

Sasa tuje kwa Charles Dickens, aliyezaliwa mwaka 1812 katika Uingereza. Huyu ni mfano wa kutufaa sana, maana alianza bila mpango wowote, akaishia kuwa fundi wa mipango. Katika mwaka 1836, alipokuwa kijana wa miaka 24, wachapaji walimtaka aandike maneno ya kufuatana na picha za mchoraji Robert Seymour, juu ya mabwana fulani na matembezi yao. Kitabu kilitoka sehemu moja kila mwezi, nacho ni The Pickwick Papers. Mara baada ya sehemu ya kwanza, yule mchoraji akajiua. Dickens akabaki na hadithi isiyo na njia. Mwezi kwa mwezi aliandika lililomjia, na wanunuzi walikuwa haba. Katika sehemu ya nne akamwingiza mtu asiyetajwa kwanza, Sam Weller, kijana wa kupiga viatu rangi katika nyumba ya wageni, mcheshi, mwepesi wa kujibu. Watu wakampenda mno. Na kabla kitabu hakijaisha mwaka 1837, nakala zilizouzwa kila mwezi zilifika karibu 40,000.

Mtu mwingine angalisema, "Kumbe mpango hauna faida!" Dickens hakusema hivyo. Aliona ya kuwa bahati haiji kila mwezi, lakini mchapaji huja. Tena sehemu za kwanza zilikuwa zimekwisha kusomwa mijini na mashambani wakati za mwisho hazijaandikwa. Mjomba aliyezikwa katika sehemu ya tatu hawezi kubisha hodi katika sehemu ya kumi. Basi alipoanza kitabu cha Dombey and Son katika mwaka 1846, alijiwekea desturi ambayo aliishika katika vitabu vyake vikubwa vya baadaye. Kwa kila sehemu ya mwezi alichukua karatasi, akaigawa mbili. Upande wa kushoto alijiandikia mashauri na maswali: Je, fulani aingie sasa? Siri hii ifunuliwe? Na mbele ya swali akatia jibu: ndiyo, au hapana, au bado. Upande wa kulia aliandika majina ya sura na mambo ya kila sura. Karatasi hizo zimehifadhiwa London, katika nyumba ya makumbusho iitwayo Victoria and Albert Museum, na mtu aweza kumwona pale mwandishi mkubwa akishauriana na nafsi yake.

Kitabu hicho ni habari ya Bwana Dombey, mfanya biashara tajiri, ambaye moyo wake wote uko kwa mwanawe Paul, atakayerithi biashara, wala hamjali binti yake Florence. Katika mwezi wa Julai 1846, kabla hata sehemu ya kwanza haijatoka, Dickens alimwandikia rafiki yake John Forster akimweleza njia ya hadithi: ya kuwa Paul atakufa mwisho wa sehemu ya tano, na ya kuwa baba, badala ya kumgeukia binti yake, atazidi kumchukia. Sehemu ya tano ilitoka Februari 1847, na wasomaji wengi walilia. Mtungaji alikuwa amekijua kifo kile kwa miezi saba, naye alikuwa amekiandaa tangu ukurasa wa kwanza.

Walakini katika barua ile ile lilikuwamo jambo jingine. Dickens alifikiri ya kuwa Walter, kijana mchangamfu aliyeanza vema, apotoke kidogo kidogo mpaka aharibike kabisa. Alipoendelea kuandika aliliacha shauri hilo. Walter akabaki mwema, na mwisho akamwoa Florence. Basi twaona ya kuwa mpango ni fimbo ya kutembelea, si pingu za miguu. Mwandishi mwenye akili hushika mpango, lakini watu wa hadithi wakimwonyesha njia iliyo ya kweli zaidi, huwafuata.

Mara nyingine aliugeuza mpango kwa sababu nzito kuliko hiyo. Katika David Copperfield, kitabu cha mwaka 1849 na 1850, alimwingiza mwanamke mfupi sana wa kimo, mwenye kazi ya kuwapamba watu, na ilielekea atakuwa mwovu. Mwanamke mmoja wa London, mwenye kimo kama kile na kazi kama ile, alipoisoma sehemu hiyo akajiona mwenyewe ndani yake, akamwandikia Dickens barua ya uchungu mwingi. Dickens aliona ya kuwa amemwumiza mtu asiye na kosa. Akaubadili mpango wake, na mwanamke yule alipotokea tena hadithini alionekana mtu wa moyo mwema. Hapa pana fundisho kwa wote waishio vijijini, ambako kila mtu amjua mwenziwe kwa mwendo wake na kikohozi chake. Mwandishi huchukua umbo la huyu na usemi wa yule; lakini akimchukua jirani mzima mzima na kumtia dosari asiyokuwa nayo, amemsingizia, ijapokuwa ameliita neno lake hadithi.

Dickens alifariki tarehe 9 Juni 1870, akiwa ameshika kalamu katika kitabu kilichokusudiwa kuwa na sehemu 12, The Mystery of Edwin Drood. Sehemu sita tu zilikuwa zimeandikwa. Kijana Edwin amepotea, mjomba wake ashukiwa, na hadithi imekatika hapo. Karatasi za mpango hazielezi mwisho wake. Tangu mwaka ule mpaka leo watu wamebishana, na wengine wamejaribu kuimaliza wenyewe. Lakini lililokuwa kichwani mwake alikwenda nalo kaburini.

Sasa tumtaje Anthony Trollope, ambaye alikuwa na kazi ya serikali katika Posta tangu mwaka 1834 hata 1867, na pamoja na hayo akaandika zaidi ya vitabu 40 vya hadithi. Habari za maisha yake, alizoziandika mwenyewe, zilitoka mwaka 1883, baada ya kufa kwake. Asema ya kuwa mara nyingi alianza kitabu bila kujua hadithi itaishaje. Lakini watu wake aliwajua sana, kama ajuavyo mtu ndugu zake, sauti zao, tamaa zao, na lile wawezalo na wasiloweza kulitenda. Mpango wake ulikuwa wa namna nyingine: ulikuwa mpango wa saa. Alikaa mezani saa 11 na nusu alfajiri, saa yake mbele yake, akajilazimisha kuandika maneno 250 kila robo ya saa. Tena alikuwa na daftari ya kuhesabu kurasa alizoandika kila siku, hata siku ya uvivu ionekane na kumtia haya. Haba na haba hujaza kibaba. Mwalimu, karani na mkulima wasiseme hawana nafasi. Kazi ya Posta haikumzuia Trollope, kwa kuwa alianza yake kabla ya watu kuamka.

Mtungaji wa nne alianza kwa kuchora. Katika mwaka 1881 Robert Louis Stevenson alikuwa akikaa Braemar, katika Uskoti, pamoja na jamaa zake. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, na mtoto wa mkewe, kijana wa miaka 13, alikuwa akicheza kwa rangi na karatasi. Stevenson naye akachora ramani ya kisiwa kisichokuwako duniani, akakitia vilima na bandari na majina. Alipokuwa akiitazama ramani, watu wakaanza kutokea katika misitu yake, wenye panga na nyuso zilizoungua na jua. Akaorodhesha sura, akaanza kuandika sura moja kila siku na kuwasomea jamaa zake. Baba yake mzee akapendezwa kama mtoto. Yeye ndiye aliyetoa orodha ya vitu vya katika sanduku la baharia mmoja wa hadithi. Ramani yenyewe ilizaa mambo: Stevenson alieleza ya kuwa jahazi lilipelekwa kutangatanga upande wa pili wa kisiwa kwa sababu tu alikuwa amechora bandari mbili.

Siku 15 zikampa sura 15. Ya 16 ikakataa! Alikuwa mtupu, hana hata neno moja, na gazeti la vijana liitwalo Young Folks lilikuwa karibu kuanza kuipiga chapa hadithi hiyo. Alikwenda Davos, katika Uswisi, kwa ajili ya afya yake. Huko asubuhi moja akakaa tena mezani, na maneno yakaja, sura moja kila siku hata mwisho. Mara kitabu kilipotaka kuchapwa peke yake, mwaka 1883, ramani ya kwanza ikapotea njiani. Ikambidi akipitie kitabu chote, aandike kila mahali palipotajwa kilima au mto au umbali, kisha achore ramani nyingine ya kupatana na maneno. Alisema kazi hiyo ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Kitabu hicho kilipigwa chapa kwa Kiswahili mwaka 1929, nacho ni Kisiwa chenye Hazina, ambacho wengi walikisoma shuleni.

Mwaka huo huo wa 1929 kilitoka kwa Kiswahili kitabu cha pili ambacho ni kama mtoto wa hicho, Mashimo ya Mfalme Sulemani. Mtungaji wake, Henry Rider Haggard, aliyewahi kufanya kazi Afrika ya Kusini, alikisifu vibaya kitabu cha Stevenson mbele ya nduguye. Nduguye akamwambia kwamba hawezi kuandika cha nusu yake. Haggard akaandika chake kwa muda wa majuma machache tu, kikatoka mwaka 1885. Lakini haraka ile iliacha alama. Katika chapa ya kwanza jua lilipatwa mchana, na katika siku zizo hizo mwezi ulikuwa mkubwa usiku. Mvuvi yeyote wa pwani, na kila aliyewahi kuungoja mwezi uandame, ajua ya kuwa jambo hilo haliwezekani: jua hupatwa wakati mwezi umefichama, si wakati umekuwa mpevu. Baadaye Haggard alilibadili jambo hilo, akaandika ya kuwa mwezi ndio uliopatwa. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu pa hadithi ni lile jambo dogo ambalo mwandishi hakulihesabu.

Tumalizie kwetu. Katika mwaka 1934 kilitoka kitabu cha James Mbotela kiitwacho Uhuru wa Watumwa. Mbotela alikuwa mwana wa mmoja wa watu waliokombolewa utumwani, na kitabu chake chaeleza habari za watu hao: kutekwa kwao, safari ya mateso, kukombolewa kwao baharini, na maisha yao mapya katika Freretown karibu na Mombasa. Hakuwa na haja ya kutunga kisiwa. Njia waliyopita watu wale, toka bara mpaka baharini na toka pingu mpaka uhuru, ilimpa mpango wa kitabu. Wazee waliozijua habari hizo kwa miili yao walikwisha kufa wote. Kama asingaliandika, leo tungalikuwa na makaburi yao tu.

Basi tukikusanya yote, twaona ya kuwa kila mtungaji alikuwa na njia yake: huyu mwisho, huyu karatasi ya maswali, huyu saa, huyu ramani, huyu njia waliyopita wazee. Lakini hakuna aliyengojea hadithi imshukie. Ninyi wanafunzi, na ninyi watu wazima mjuao kusoma, mkitaka kuandika fanyeni hivi. Kwanza, jueni hadithi itaishia wapi, ijapokuwa mwisho huo utageuka baadaye. Pili, kwa kila mtu wa hadithi jiulizeni, ataka nini, na nani amzuiaye? Tatu, choreni kijiji chenu cha hadithi, kisima kiwe wapi na njia ipite wapi, na mhesabu siku na miandamo ya mwezi. Nne, msomeeni mtu mliyoyaandika, mtazame uso wake, kama bibi atazamavyo nyuso za wajukuu. Na mkikwama katika ukurasa wa tatu, kumbukeni sura ya 16 ya Stevenson, msiitupe karatasi.

Wako wazee katika vijiji vyetu ambao wameshika hadithi zisizo katika kitabu chochote. Nendeni kwao jioni mkawaulize, tena nendeni na daftari. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.